Michael Thonet, Seremala Aliyekunja Mti Mkavu

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi za Kiswahili maisha ya wafalme, majemadari, wasafiri na wamisionari. Mara hii nimemwomba mhariri ruhusa niandike habari za seremala, wala sioni kwamba ni kushuka daraja. Viti vya enzi vya wafalme wengi vimo katika nyumba za makumbusho, vimezungushiwa kamba, na hakuna mtu anayevikalia. Lakini kiti cha seremala huyu kimekaliwa na mamilioni ya watu katika hoteli, migahawa, majumba ya muziki na nyumba za kawaida, na walio wengi hawakupata kulisikia jina lake. Jina lake ni Michael Thonet, hutamkwa Tonet.

Alizaliwa tarehe 2 Julai, 1796, katika Boppard, mji mdogo ulio kando ya mto Rhine katika Ujerumani. Siku hizo majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameshika ukingo ule wa mto, na mwaka 1815 nchi hiyo ikaingia chini ya mfalme wa Prussia. Baba yake, Franz Anton, alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi. Kijana Michael hakufuata kazi ya ngozi, bali alijifunza useremala, na mwaka 1819 akafungua karakana yake mwenyewe. Mwaka wa pili yake akamwoa Anna Maria Grahs. Watoto wao wengine walikufa wangali wadogo, kama ilivyokuwa kawaida ya zamani hizo, lakini wana watano wa kiume walikua wakawa watu wazima: Franz, Michael, August, Josef na Jakob. Nawataja kwa majina kwa sababu watarudi katika habari hii.

Sasa yafaa nieleze shida iliyomkabili kila seremala wa wakati ule. Watu walipenda viti vyenye mapindi: mgongo uliojikunja kama upinde, miguu iliyopinda. Lakini mti haupendi kupinda. Nyuzi zake zimelala kwa urefu wake, tangu mizizi hata matawi. Fundi akitaka kipande chenye pindi, alikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutafuta mti uliokua umepinda wenyewe, kama wafanyavyo mpaka leo waunda majahazi wa pwani watafutapo mataruma. Njia hiyo yafaa kwa jahazi, lakini nani awezaye kupata miti elfu iliyopinda sawasawa kwa viti elfu? Njia ya pili ni kuchukua ubao mpana na kuukata pindi kwa msumeno. Hapo mbao nyingi hupotea, na tena kipande hicho ni dhaifu, maana msumeno umezikata nyuzi mahali pindi linapogeuka. Mtu mnene akiegemea kwa nguvu, kitu huvunjika papo hapo nyuzi zilipokatwa. Basi fundi hulazimika kukifanya kipande kinene, na kuunga vipande vingi kwa ulimi na tundu, na kiti kinakuwa kizito na cha bei kubwa.

Thonet alianza kulifikiri jambo hili katika miaka ya 1830. Wazo lake la kwanza tunaweza kulijaribu hapa darasani. Chukua daftari lako na ulipinde: linapinda bila taabu, maana kila karatasi huteleza kidogo juu ya mwenzake. Sasa fikiri kwamba umepaka gundi kila karatasi, ukalipinda daftari lingali bichi, ukalifunga hivyo mpaka likauke. Halitanyoka tena. Ndivyo alivyofanya Thonet. Alikata vibao vyembamba sana kwa kufuata nyuzi za mti, akavifunga pamoja, akavichemsha katika gundi, akavipinda juu ya kalibu na kuviacha vikauke. Akapata kipande kilichopinda ambacho nyuzi zake zote ni nzima tangu mwanzo hata mwisho. Kiti kilikuwa chepesi kuliko vyote vilivyojulikana Boppard, na imara vilevile. Mwaka 1837 akanunua kiwanda cha gundi kilichoitwa Michelsmühle, ili asikose kitu hicho ambacho kazi yake yote ilikitegemea.

Lakini kuvumbua ni jambo moja, na kuilinda haki ya uvumbuzi ni jambo jingine. Mwaka 1840 aliiomba serikali ya Prussia impe hati ya kumlinda ili mtu mwingine asiige kazi yake. Serikali ilimnyima. Thonet hakukata tamaa, akatafuta haki hiyo katika nchi nyingine za Ulaya. Maombi ya namna hiyo yalihitaji fedha nyingi, naye fedha hizo alizikopa.

Mwaka 1841 akapeleka vyombo vyake katika maonyesho ya mji wa Koblenz, ambao si mbali na Boppard. Hapo vilionwa na Metternich, waziri mwenye nguvu kuliko wote katika dola ya Austria, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Koblenz. Mkuu huyo alipendezwa sana, akamshauri Thonet aiache Boppard na kwenda Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1842 Thonet akaenda, akachukua viti vyake ili vionwe na wakubwa wa huko. Tarehe 16 Julai, wiki mbili baada ya kutimiza umri wa miaka 46, akapewa hati ya kukunja mti wa namna yoyote katika umbo lolote.

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini alipokuwa mbali wadai wake kule Boppard walichoka kungoja, nao wakaikamata mali yake. Kazi ya miaka zaidi ya ishirini ikatoweka. Mkewe na watoto walilazimika kumfuata Vienna, wamebaki na vitu vichache tu. Wenzangu, na tulifikiri jambo hili. Mtu wa miaka 46, aliyekuwa bwana wa karakana yake na kiwanda chake, sasa yumo katika mji mgeni, hana nyumba, hana mtaji, ana familia kubwa ya kulisha. Alicho nacho ni hati moja na mikono yake na ya wanawe.

Tena hakurudi mara moja kuwa bwana. Kwa miaka kadhaa yeye na wanawe walifanya kazi kwa ajili ya wengine. Katika miaka ya 1843 hadi 1846 walikuwa chini ya Carl Leistler, fundi mkubwa aliyekuwa akiipamba ndani jumba la mwana wa kifalme wa Liechtenstein katika Vienna. Thonet alitengeneza humo sakafu za mbao zilizonakshiwa na viti vyepesi vya kupendeza. Sakafu ile ni kazi ya ajabu, lakini viti ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa mambo makubwa. Mwaka 1849 akaanza tena karakana yake mwenyewe, na wana wake wakiwa wafanyakazi wake. Wakati huo ukapatikana mkahawa mmoja wa Vienna, wa mama aitwaye Daum, uliotaka viti. Mkahawa si nyumba ya mwana wa mfalme. Mkahawa unataka kiti chepesi ambacho mtumishi aweza kukiinua kwa mkono mmoja, na chenye nguvu za kustahimili watu mia kwa siku. Thonet akatengeneza. Baadaye hoteli moja katika mji wa Pest, ambao leo ni sehemu ya Budapest, ikaagiza viti 400.

Mwaka 1851 yalifanywa maonyesho makubwa katika London, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa chuma na vioo. Thonet alipeleka vyombo vyake vya fahari, akapata medali ya shaba. Mwaka 1853 aliiandika kazi yote kwa majina ya wanawe watano, ikaitwa Gebrüder Thonet, yaani Ndugu Thonet, ingawa mzee mwenyewe aliendelea kuongoza. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1855 wakapata medali ya fedha, na maagizo yakaanza kuja kutoka ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo tatizo la pili lilipotokea. Nalo latuhusu sana sisi tunaoishi katika nchi za joto na mvua. Gundi ya zamani hizo ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Ikikaa pakavu hushika sana, lakini ikipata unyevu hulainika. Kiti kilichoundwa kwa vibao vya gundi kikapakiwa merikebuni kwenda nchi yenye hewa nzito ya unyevu, chaweza kuachana vibao vyake kimoja kimoja. Mzee Thonet akaona wazi kwamba uvumbuzi uliomtoa Boppard, ambao kwa ajili yake alipoteza kila kitu, haukutosha. Wengi wetu tungeutetea. Tungesema kwamba kosa ni la hewa, au la merikebu, au la mnunuzi. Yeye aliuweka kando, akauliza swali jipya: Je, haiwezekani kukunja mti mzima, usio na gundi hata kidogo?

Kukunja mti kwa joto si jambo geni. Wazee wetu wamekunja pinde na fito kwa moto tangu zamani, na mafundi wa mapipa na wa mashua katika Ulaya walitumia moto na mvuke. Mti una kitu ndani yake kinachozishikamanisha nyuzi, na kitu hicho hulainika kikipata joto na unyevu pamoja, kisha hukaza tena kikipoa na kukauka. Thonet alilijua hilo. Lakini fimbo nene ikikunjwa sana hupasuka, hata ikichemshwa. Je, hupasuka wapi? Vunja kijiti kibichi polepole nawe utaona. Upande wa ndani wa pindi hujikunyata na kusongamana, lakini haukatiki. Ni upande wa nje unaoachana, kwa sababu nyuzi zake zinavutwa zirefuke, nazo haziwezi. Mti uliopata mvuke waweza kusongwa ukawa mfupi kwa kadiri kubwa, hata kama robo ya urefu wake. Lakini ukivutwa ili urefuke, kwa asilimia mbili tu hukatika.

Dawa aliyoipata yaonekana ndogo sana. Alichukua ukanda mwembamba wa chuma, akaulaza upande wa nje wa ule mti uliotoka katika mvuke, akaubana kwa nguvu katika ncha zote mbili. Chuma hakirefuki. Basi na upande wa nje wa mti, uliokwisha kubanwa na chuma, haukuweza kurefuka. Mti ulipokunjwa juu ya kalibu, sehemu yote iliyobaki ililazimika kusongamana kwa ndani, jambo ambalo mti unaliweza. Haukupasuka. Baadaye kipande kiliachwa katika kalibu yake ndani ya chumba cha joto mpaka kikakauka, na kilipofunguliwa kilibaki vilevile. Tarehe 10 Julai, 1856, akapewa hati ya kufanya viti na miguu ya meza kwa mti uliokunjwa kwa mvuke au kwa maji yanayochemka. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Mimi hustaajabia jambo hili kuliko yote katika maisha yake. Mafundi wengi wenye nguvu walikuwa wakishindana na mti ili uwatii. Thonet hakuzidisha nguvu. Alitazama mahali unapovunjika, akauliza ni kwa sababu gani, akausaidia mahali pale pale.

Mti aliouchagua ni ule ambao Wajerumani huuita Buche. Wakati ule seremala wa fahari hawakuuthamini sana. Ni mti wa kawaida katika misitu ya Ulaya, lakini nyuzi zake ni ndefu, zimenyooka, na hukubali mvuke vizuri. Misitu mikubwa ya mti huo ilikuwako Moravia, sehemu ya dola ya Austria ambayo leo imo katika Jamhuri ya Czech. Kwa hiyo ndugu Thonet hawakuisafirisha misitu iende mjini, bali walikipeleka kiwanda msituni. Cha kwanza kilijengwa Koryčany katika miaka ya 1856 na 1857, na kingine kikafuata Bystřice pod Hostýnem.

Mwaka 1859 kilitoka kiti kilichoandikwa katika orodha yao namba 14. Ningependa kila mwanafunzi wa useremala akitazame kiti hiki, hata kama ni katika picha. Kina vipande sita tu vya mti. Fimbo moja ndefu iliyokerezwa imekunjwa ikawa mgongo na miguu miwili ya nyuma kwa pamoja. Fimbo ya pili, iliyo fupi, inajaza ndani ya mgongo. Pete moja ni ya kukalia, pete ya pili yashika miguu minne isitanuke, na miguu miwili ni ya mbele. Vipande hivyo vyaungwa kwa parafujo kumi na nati mbili, pasipo ulimi wala tundu za taabu. Mahali pa kukalia pamesukwa kwa henzirani, hata kinywaji kikimwagika hupita chini. Hakina nakshi yoyote, wala huikosi.

Kwa kuwa kiti kilifunguka, viti 36 viliweza kupangwa vipande vipande katika sanduku moja lenye mita moja kila upande. Sanduku likavuka bahari, na huko lilikofika mtu yeyote mwenye bisibisi aliweza kuviunga. Biashara ya samani ilikuwa bado haijaona jambo la namna hiyo. Viti vya fahari vilikuwa vya matajiri, na maskini alikaa juu ya benchi au kigoda. Sasa kiti kimoja kikakaliwa na karani na waziri, kila mmoja katika mkahawa wake.

Lakini sitaki kuandika sifa tupu. Katika viwanda vile kazi iligawanywa. Mmoja alikata, mwingine alikereza, wawili walikunja kwa haraka kabla mti haujapoa, na wanawake walisugua, wakasuka henzirani na kupaka rangi. Watu wa vijiji ambao hawakujifunza useremala waliweza kupata mshahara, na hilo ni jema. Lakini mtu aliyekunja mguu wa mbele maisha yake yote hakuwa seremala kama Thonet alivyokuwa. Hakupata furaha ya kukitazama kiti chake kizima na kusema kwamba ni kazi ya mikono yake. Uvumbuzi wa fundi mmoja uliwapa watu wengi viti, na uliwaondolea wengine ufundi. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na bado naona kwamba faida ilizidi. Hata hivyo si haki kuwasahau wale waliokuwa ndani ya joto la vile vyumba vya mvuke.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 ndugu Thonet walipata medali ya dhahabu. Shaba, fedha, dhahabu: ngazi hiyo ilichukua miaka 16. Mwaka 1869 haki yao ya peke yao ilikwisha, na viwanda vingine vikaanza kukunja mti kwa njia ile ile. Mzee hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Vienna tarehe 3 Machi, 1871, mwenye umri wa miaka 74, akawaachia wanawe kazi iliyoenea duniani. Yahesabiwa kwamba kufika mwaka 1930 viti vya namba 14 vilivyouzwa vilikuwa kama milioni 50. Dola ya Austria ilivunjika mwaka 1918, na baada ya vita ya pili ya dunia viwanda vya Moravia viliondoka mikononi mwa ukoo huo. Lakini kiwanda cha Bystřice kingali kinakunja mti mpaka leo, na katika Ujerumani kampuni yenye jina la Thonet ingali inatengeneza kiti kile kile.

Sisi tumefundishwa tangu utoto kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni methali ya kweli, na walimu wetu huitumia sana, hasa wakati wa adhabu. Lakini nionavyo mimi, maisha ya Thonet yanaiongezea neno. Mti uliokatwa na kukauka si mbichi tena, na yeye aliukunja, kwa kuurudishia joto na unyevu na kuushika mahali unapoogopa kupasuka. Yeye mwenyewe pia alikuwa mtu aliyekwisha kukauka kwa hesabu ya wengi: alifilisika na umri wa miaka 46, akavumbua jambo lake kubwa kuliko yote akiwa na miaka 60. Kwa hiyo ninyi ndugu zetu mliomaliza shule zamani, na mnaodhani kwamba wakati wa kujifunza umewapita, msiseme hivyo upesi. Na sisi tuliomo madarasani, ambao wengine wetu tunakionea haya chumba cha useremala na kutamani meza ya karani tu, tukumbuke kwamba hata hiyo meza na kiti chake ni kazi ya fundi aliyeshika randa kabla yetu.